Mwenyekiti wa Chama cha Baridi

Katika milima yote ya Uluguru hakuna mwanamke anayeisoma hali ya hewa kama mimi Kristina. Nikiyatazama mawingu asubuhi nakwambia kama mvua itanyesha au haitanyesha, na sijawahi kukosea. Siku ya harusi ya binti yangu nilitangaza kwamba jua litawaka kutwa nzima. Maharusi wakaingia kanisani wamebebwa mgongoni kwa sababu ya tope, na padre kakunja kanzu mpaka magotini. Lakini jua liliwaka. Liliwaka Kihonda, kule chini Morogoro mjini. Mimi sikusema litawaka wapi.

Basi nisikilizeni vizuri, kwa kuwa habari yenyewe ni ya hali ya hewa.

Kijiji chetu kiko juu. Ukishaipita Mlali, gari linaanza kupanda huku linalia kama mtoto anayeachishwa ziwa, na likinyamaza ujue ama umefika kwetu ama limekufa. Tunalima njegere, kabichi na matunda damu, na zamani tulikuwa na baridi. Kipupwe cha enzi zetu, ukisema shikamoo, shikamoo inatoka na moshi. Marehemu mume wangu alinichumbia mwezi wa saba, nimejifunga mablanketi kutoka shingoni hadi visiginoni. Alikuja kuniona vizuri mwezi wa kumi, na muda wa kubadili mawazo ulikuwa umeshapita.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Ukungu wa asubuhi ukawa unachelewa kuja na unawahi kuondoka, kama karani wa serikali. Njegere zinachanua, zinajikunja, zinakauka. Na mbu! Mbu wa Mlali tangu dunia iumbwe hawakuwahi kupanda mlima huu, sasa wanapanda bila nauli na wanafika na njaa ya safari.

Wakati huo ndio soko huria lilikuwa limepamba moto. Vitu tulivyokuwa tukivitafuta kwa kibali na foleni sasa vinatutafuta vyenyewe mpaka mlangoni: sabuni ya unga, redio za betri mbili, kiatu kisicho na mwenzake. Na mitumba. Mitumba ndiyo iliyomwingiza matatani mtani wangu Lukasi.

Nikisema mtani wangu simaanishi rafiki. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu mababu. Mimi nikimtukana Lukasi mbele ya mkwewe, mkwewe anacheka. Yeye akija msibani kwangu na kuniambia nalia vibaya, ananisaidia. Na kuna sheria moja ambayo hata mahakama ya Morogoro haiwezi kuifuta: mtu akipata jambo kubwa la furaha, mtani wake ana haki ya kumvua kitu kimoja mwilini, na hakirudi mpaka kikombolewe kwa jogoo. Kukataa ni aibu inayorithiwa na wajukuu.

Sasa Lukasi alikuwa na mke, Theresia, mwanamke mpole mpaka unatamani kumfinya uone kama yuko macho. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na kila masika kitanda kilikuwa kinahama kona kwa kona kufuata mahali pasipovuja. Ndipo Lukasi akauza mbuzi zake zote, akateremka Morogoro, akarudi na belo zima la mitumba.

"Mama Furaha," alimwambia mkewe mbele yetu, maana kwa Lukasi jambo la siri ni lile lililosikiwa na watu wachache tu, "masika ijayo utalala chini ya bati. Mvua utaisikia tu, hutaiona."

Theresia akatabasamu. Siku ile nilijua kuwa yuko macho.

Belo likafunguliwa. Yalikuwa makoti. Makoti matupu, ya sufu, mazito, marefu, ya nchi ambako watu wanatembea juu ya barafu. Moja lilikuwa na manyoya shingoni, mbwa wa jirani yetu Stambuli akalibwekea. Miaka michache nyuma tungeng'oana nywele kuyagombea. Lakini kipupwe kile baridi haikuja. Tulingoja mwezi wa sita, wa saba, mwezi wa nane tukaanza kulala madirisha wazi.

Mwingine angekaa chini akalia. Lukasi akasimama akasema baridi ipo.

"Ipo wapi, mtani?" nikamuuliza. "Itaje ilipo nikaisalimie."

"Ipo. Ninyi ndio mmenenepa."

Akachagua koti moja, la kahawia lenye mirabamiraba mikubwa, vifungo kama visosi, akalivaa asubuhi na hakulivua tena. Shambani koti, kisimani koti. Jasho likawa linamtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Mtani, unayeyuka."

"Ni umande," akajibu. Saa saba mchana.

Sasa kumbukeni kwamba ndio kwanza tulikuwa tumetoka kwenye uchaguzi wa vyama vingi, na utamu wake haujatuishia mdomoni. Watu walikuwa hawawezi kubishana hata juu ya chumvi ya mboga bila kuunda chama. Stambuli seremala, ambaye njegere zake zilikauka shamba zima, akaanzisha Chama cha Joto. Lukasi akaanzisha Chama cha Baridi, mwenyekiti yeye, katibu yeye, sare ya chama ni koti, linapatikana kwake.

Jioni mtu akipita njiani na jembe anasikia, "Baridi!" na sauti kutoka migombani, "Oyee!" Upande wa pili Stambuli anajibu, "Joto!" na mbwa wake peke yake ndiye anayesema oyee. Watu walipenda Chama cha Baridi, sitawaficha. Chama cha Joto kilikuwa kinasema mambo yanaharibika, na nani anataka kusikia hivyo kila jioni? Baridi walikuwa na nyimbo.

Mimi nilijiunga na vyote viwili. Pombe ilikuwa inatoka kote.

Lukasi alikuwa na ulimi, na kila ukimbana mlango huu anatokea mwingine. Stambuli alipomletea mbu ndani ya chupa, Lukasi akasema: "Haya, joto limekuja kidogo. Joto si zuri? Tutalima minazi!" Stambuli akasema joto limeletwa na watu, kwa moto wa mashamba na moshi wa viwanda. Lukasi akacheka mpaka vifungo vikagongana.

"Mtu? Mtu abadilishe hewa ya Mungu? Mimi nina mke mmoja, miaka yote hii sijaweza kumbadilisha hata namna anavyokata vitunguu!"

Hapo wanaume walimpigia makofi marefu sana. Wanawake tuliwatazama waume zetu na kuwahifadhi kichwani.

Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema joto limekuja na redio, zimejaa hewani, hewa haina nafasi ya kupoa. Mwingine akasema ni suruali za wanawake wa mjini. Mimi nilisema joto lilikuwa ndani ya belo la Lukasi, alipolifungua likatoka. Niliwatania, wakaniamini. Jumapili iliyofuata nikalisikia neno langu likirudi kwangu kutoka kitongoji cha pili, limeongezewa nyoka.

Ndipo ukatokea muujiza. Lukasi akaacha kutoka jasho.

Koti lilelile, vifungo vyote vimefungwa, jua la utosi, na uso wake mkavu kama sahani iliyofutwa. Kijiji kikatetemeka. "Mnaona?" akasema. "Mwili umeshaikubali kweli." Makoti mawili yakanunuliwa siku ileile. Stambuli alishindwa kula.

Nami nikawa naona vitu vidogovidogo, lakini sikuviunganisha, kwa sababu nimesoma mpaka darasa la nne tu, na kuunganisha walifundisha la tano. Niliona Lukasi amekuwa mtu wa kuta. Ukimkuta dukani, kaegemea ukuta. Ukimkuta njiani anasogea kando, anaegemea mgomba, anakupisha. Watu wakasema uenyekiti umemfundisha adabu. Kanisani alikuwa anafika kabla ya wote, anakaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, na anatoka baada ya wote. Na aliacha kwenda kupokea komunyo. Hilo lilitushtua. Mtu mzima kuacha komunyo ghafla, tukajua ana dhambi nene. Tuliitafuta sana ile dhambi. Mimi binafsi nilimhusisha na mjane mmoja wa Mlali, na nilikuwa nimeshafika mbali na hadithi ile.

Theresia naye akaja kanisani na mfuko mpya begani, mzuri, wa kitambaa kizito.

"Huo mfuko umetoka wapi, shoga?" nikamuuliza.

"Baba Furaha kaninunulia dukani Morogoro," akasema, na akaugeuza niuone upande wa pili, mwanamke ambaye hajawahi kugeuza kitu ili kionekane.

Nikaona wivu, nikasahau kutazama.

Basi Stambuli akaona chama chake kinakufa, akaandika kuomba msaada mjini, na chuoni Morogoro wakatuletea kijana mmoja mwalimu wa mambo ya hewa, jina lake Ahmadi. Kijana mwembamba, mstaarabu, alitusalimia wazee mmojammoja mpaka jua likahama. Mkutano ukaitishwa uwanja wa kanisa baada ya misa. Mwenyekiti wa kijiji akatamka kwamba kila upande utasema, kisha watu wataamua kwa mikono, na upande utakaoshindwa ufunge mdomo mpaka Krismasi, maana kijiji hakilali.

Lukasi alikuwa ameshakaa zamani kwenye kigoda, mgongo ukutani, koti limefungwa mpaka kooni. Belo lilikuwa pembeni yake. Na Theresia mbele kabisa na mfuko wake, amekaa kama mtu anayengoja kuitwa jina. Kila mmoja pale alijua anangoja nini. Baridi ikishinda, makoti yatatoka, bati zitapanda mlima. Ikishindwa, kitanda kitahama tena kona kwa kona.

Ahmadi akasimama. "Wazee wangu, moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima unapanda juu na kukaa. Na misitu tunayoichoma inaongeza."

"Kijana," Lukasi akamkatiza kwa upole, "huo moshi umetoka Ulaya?"

"Mwingi umetoka huko, babu."

"Umefikaje hapa? Maana gari la Morogoro halifiki!"

Uwanja ukalipuka. Kuna bibi mmoja alidondosha meno yake ya bandia, yakaokotwa na kurudishwa na mkutano ukaendelea. Ahmadi naye alicheka, nikampenda kwa hilo. Akaangaza macho huku na huko akitafuta mfano, na macho yake yakatua kwenye koti.

"Babu amenisaidia," akasema. "Mtazameni. Mwili wake unatoa joto, sivyo? Koti linalizuia lisitoke. Dunia ni hivyohivyo. Sisi watu tumeivika koti la moshi. Joto haliondoki. Kwa hiyo dunia inatoka jasho, kama babu anavyotoka ja..."

Alikuwa amemkaribia Lukasi, anamtazama usoni. Jua lilikuwa katikati ya mbingu. Sisi sote wenye kanga na mashati tulikuwa tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo. Lukasi hakuwa na tone.

"Mwanangu," Lukasi akasema taratibu, anaufurahia kila mkato wa neno, "nishike paji la uso."

Ahmadi akamshika.

"Waambie."

"Pamepoa," Ahmadi akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Semeni wenyewe sasa! Koti ninalo, na jasho sina! Basi hata dunia ivikwe makoti kumi, itakuwa na raha zake! Baridi!"

"Oyeeee!"

Mikono ikapanda kama mahindi. Hata watu wa Stambuli walipandisha, na mimi nilipandisha miwili, mmoja kwa kila chama. Vigelegele, ngoma ikatoka sijui wapi. Wateja wakalizunguka belo. Mmoja kavaa lile la manyoya, anatokwa jasho mpaka macho yanamwasha, na anasema, "Hee, kweli, halina joto kabisa." Stambuli mwenyewe nilimwona anapapasa kola. Ahmadi amekaa juu ya jiwe, anaugeuzageuza mkono wake ulioshika paji lile, kama mtu aliyesalitiwa na kiganja chake mwenyewe.

Na Theresia! Theresia alikuwa anacheza. Mimi nimemjua tangu akinyonya, sikujua kuwa ana mabega.

Mimi nami nikakumbuka haki yangu. Mtani wangu kapata jambo kubwa la furaha, na koti lisilomtoa mtu jasho nilikuwa nimelitamani. Nikaupasua umati.

"Mtani! Hongera! Nimekuja kuchukua changu."

Furaha ikamtoka usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye debe lililotoboka. "Chukua kofia, mtani."

"Kofia yako ina chawa tangu Azimio la Arusha. Nataka koti."

"Chukua viatu. Vyote viwili."

"Koti."

"Mtani, jogoo nakupa sasa hivi, mwekundu, hata usinivue kitu!"

"Jogoo ni wa kukombolea. Utakombolea nini wakati sijachukua?"

Watu wakacheka, wakaanza kupiga makofi ya taratibu. Koti! Koti! Mwenyekiti wa kijiji akasema desturi ni desturi. Lukasi akajibana ukutani mpaka nikahofia ukuta.

"Nina baridi," akasema.

"Mwenyekiti mzima wa Baridi anaogopa baridi?"

Wanawake walikuwa wamepandwa na ngoma na hawakuwa na habari ya mabishano yetu. Kwetu mshindi habaki amekaa. Wakamjia kwa kanga kumtunza, wakamshika mkono huu na huu, wakamnyanyua kigodani na kumzungusha mara moja katikati ya uwanja ili kila mtu amwone.

Tukamwona.

Mbele lilikuwa koti la heshima, lenye kola, mikono na vifungo kama visosi. Nyuma hapakuwa na koti. Palikuwa na mgongo wa Lukasi, mtupu kuanzia mabegani hadi kwenye mkanda wa suruali, mweupe pepe kwa chokaa ya ukuta wa kanisa.

Ngoma ikakatika. Mbwa wa Stambuli akabweka mara moja akaona aibu.

Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Ahmadi. Aliruka kutoka kwenye jiwe lake kama amekanyaga siafu. "Limetobolewa! Joto linatokea nyuma! Wazee wangu, ndiyo maana! Ukilitoboa koti joto linatoka! Mimi nilisema nini?" Akamkimbilia Lukasi akamkumbatia, kweli, akamkumbatia kwa furaha, kanzu yake nyeupe ikazidi kuwa nyeupe. Kijiji kilikuwa chini, watu wamelala kwenye majani wanashika mbavu, padre kainamia nguzo na mabega yanamtikisika. Mtu wa lile koti la manyoya alikuwa analivua kwa haraka, kifungo kimekwama, anaomba msaada. Na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote mpaka nikakumbuka yule mjane wa Mlali na mambo niliyokwisha kumsingizia, nikacheka kidogo kidogo.

Lukasi akanyoosha mkono juu, kama mwenyekiti.

"Ndugu zangu. Hili koti lilikuwa zima. Zima kabisa! Ni panya. Panya wamelitafuna usiku wa kuamkia leo, na mimi nimevaa gizani sikujua."

"Panya gani wanatafuna kwa mstari ulionyooka?" Stambuli akauliza. Alikuwa amefufuka.

"Panya wa siku hizi," Lukasi akasema. "Mambo yamebadilika."

"Enhe! Yamebadilika?"

"Panya tu! Hali ya hewa ileile!"

Hapo nilimwona Theresia. Alikuwa ameacha kucheza. Alikuja polepole, watu wakimpisha, akamzunguka mumewe akasimama nyuma yake. Akautazama ule mwanya kwa muda mrefu, kahawia pembeni, mirabamiraba mikubwa imekatika nusu. Kisha akauvua mfuko wake begani, mzuri, wa kitambaa kizito, akaunyoosha kwa mikono miwili na kuuweka juu ya mgongo wa Lukasi, taratibu, kama mama anayempima mtoto nguo ya sikukuu. Mraba ukakutana na mraba.

"Baba Furaha," akasema, kwa ile sauti yake ya upole, na uwanja mzima ukasogea ili umsikie, "hebu niambie tena lile duka la Morogoro liko mtaa gani."